Msitu wa Kisarawe Hupimwa Kariakoo

Kwa miaka kadhaa sasa, kila ninapokuwa na shughuli katikati ya jiji, hula chakula cha mchana kwa mama mmoja mwenye banda la chakula katika uchochoro unaotokea Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakuniomba nimwandike. Wateja wake ni wapagazi, vijana wauza nguo, makarani wa maduka ya jumla, na mimi. Sote tunamwita Mama. Mimi huniita Mwalimu, na huniwekea kiti karibu na jiko, mahali ambapo kelele za mtaa hupungua kidogo.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwezi Septemba. Nilifika nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Katika mkoba wangu nilikuwa na nakala ya ripoti tuliyoikabidhi jana yake, mimi na wenzangu wawili: tathmini ya mradi wa kuhifadhi misitu wilayani Kisarawe. Nitaliacha bila jina shirika lililotupa kazi ile, kwani kasoro ninayoileta hapa ni yangu. Ripoti ilikuwa nzuri kwa vipimo vya ripoti. Ilikuwa na jedwali la doria zilizofanyika, jedwali la magunia ya mkaa yaliyokamatwa, idadi ya matanuri yaliyovunjwa, idadi ya miche iliyopandwa na idadi ya watu waliohudhuria semina. Kila safu ilikuwa imepanda kuliko mwaka uliotangulia. Tuliandika kwamba mradi umefanikiwa kwa kiwango cha kuridhisha.

"Maharage hakuna leo, Mwalimu," Mama aliniambia kabla sijaketi. "Utakula dagaa."

Nikamwuliza kama maharage yamepanda bei.

"Maharage hayana neno. Mkaa ndio wenye neno. Maharage yanakula mkaa masaa mawili, matatu. Dagaa ni dakika tu." Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. "Nenda pale kwa muuza mkaa ukatazame kopo lake. Bei ni ile ile, kopo ndilo limekonda."

Nilikwenda. Kopo la kupimia lilikuwa limebonyezwa kitako kuelekea ndani, kwa nyundo au kwa jiwe, hivi kwamba ukilitazama kwa nje huoni tofauti, ila ukitia mkono ndani vidole vinagusa chini mapema. Nilipomwuliza muuzaji sababu, hakukasirika. Alisema gunia linamfikia kwa bei kubwa kwa sababu huko Kisarawe njia zimebanwa, na yeye akipandisha bei ya kopo wateja watamkimbia. Basi ameipandisha bei bila kuitaja.

Nilirudi kwenye kiti changu nikala dagaa. Ripoti ilikuwa miguuni pangu, ndani ya mkoba, na katika kurasa zake zote halikuwamo neno Kariakoo. Halikuwamo neno jiko. Tulikuwa tumepima msitu kana kwamba miti inakatwa na watu wanaoishi msituni kwa ajili ya mambo ya msituni.

Ndugu msomaji, nafundisha fikra za kimfumo. Nilipaswa kujua zaidi.

Kwa wale ambao hawajapata kukaa darasani kwangu, nieleze kwa kifupi ninachokifundisha. Chukua simtanki lililo juu ya paa la nyumba. Maji yaliyomo ni akiba. Bomba linaloingiza maji ni mtiririko wa kuingia; bomba la jikoni, la bafuni na la uani ni mitiririko ya kutoka. Mtu akikuuliza kama maji yatatosha hadi Jumapili, huwezi kumjibu kwa kumwonyesha orodha ya siku ulizolifunga bomba la jikoni. Inabidi ujue maji yanaingia kwa kasi gani, nani mwingine anachota, na kama bomba la jikoni likifungwa watu hawahamii la uani. Msitu ni simtanki. Magunia yaliyokamatwa ni mara tulizolifunga bomba moja.

Jambo la pili ni mrejesho, yaani tokeo linalorudi na kuigusa sababu yake. Kariakoo yenyewe ni mfano. Wanunuzi wengi huvuta wauzaji wengi, na wauzaji wengi huvuta wanunuzi wengine tena. Huo ni mrejesho unaochochea, na ndio uliolijaza soko hadi likafurika mitaani. Bei ya bidhaa inapopanda, wanunuzi hupungua na bei hushuka. Huo ni mrejesho unaotuliza. Na jambo la tatu ni ukawiaji: tokeo halifiki siku ile ile ya tendo, na kwa sababu hiyo mara nyingi tunalipa jina la sababu nyingine.

Sasa turudi kwenye mkaa. Doria zinapoongezeka Kisarawe, magunia yanayofika mjini hupungua kwa muda. Bei hupanda, kwa kopo lililokonda au kwa shilingi zilizoongezeka. Lakini jiko la Dar es Salaam halina subira ya kusubiri msitu uote. Watu lazima wale leo, na kama hawana nishati nyingine wanayoimudu, watanunua mkaa kwa bei yoyote na kupunguza kingine: maharage, nauli, daftari la mtoto. Bei hiyo iliyopanda husafiri kwa simu hadi kijijini. Kijana ambaye jana aliona uchomaji mkaa haulipi, leo anaona unalipa. Akishindwa msitu wa karibu kwa sababu ya doria, atakwenda wa mbali. Jitihada yetu imezalisha kivutio kinachopingana nayo, nasi katika jedwali tunaandika kwamba magunia yaliyokamatwa yameongezeka na tunauita mwelekeo huo mafanikio. Lakini magunia yakamatwayo yanaweza kuongezeka kwa sababu doria ni nyingi, na yanaweza kuongezeka kwa sababu wachomaji ni wengi. Namba ile moja hubeba habari mbili zinazokinzana.

Haya tungeweza kujifunza kutoka historia yetu wenyewe. Mwaka 2006, nchi ikiwa katika ukame, Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Marufuku ile ilidumu takriban wiki mbili. Iliondolewa kwa sababu lilikuwa jaribio la kufunga bomba moja huku jiji zima likiwa limepanga foleni kwenye bomba hilo. Kwa mujibu wa ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009, kati ya mwaka 2001 na 2007 kaya zilizotumia mkaa Dar es Salaam zilipanda kutoka asilimia 47 hadi asilimia 71, na zile zilizotumia gesi zikashuka kutoka asilimia 43 hadi asilimia 12. Katika miaka hiyo hiyo semina za uhifadhi zilifanyika na miche ilipandwa, na nina hakika majedwali yalijazwa. Jikoni mambo yalikuwa yakienda kinyume.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Antje Ahrends, uliolinganisha hali ya misitu mwaka 1991 na mwaka 2005 katika mstari unaoanza kilometa 10 na kuishia kilometa 220 kutoka Dar es Salaam. Watafiti walikuta uharibifu unatoka mjini kama mawimbi. Wimbi la mbele, la magogo ya mbao za thamani, lilikuwa likisogea kilometa 9 kwa mwaka. Wimbi la nyuma yake, la mkaa, lilisogea kilometa 2 kwa mwaka. Kila kilometa uliyokwenda mbali na jiji, aina za miti ziliongezeka. Nimeusoma utafiti huo mara nyingi na kuwasomesha wengine. Ajabu ni kwamba siku ile niliyopewa kazi ya kuutathmini mradi, niliuacha rafuni. Mkataba ulitaja wilaya moja, nami nikakubali kwamba msitu unaishia kwenye mpaka wa wilaya. Ikiwa doria za Kisarawe zilisukuma tanuri moja hadi wilaya nyingine, katika hesabu yetu tanuri hilo lilikuwa limekwisha.

Kuna mfano mwingine ambao kila mkazi wa Kariakoo anaujua, nao ni lumbesa. Ukitoza ushuru kwa idadi ya magunia, gunia litaota kichwa. Litajazwa hadi mdomoni, kisha litajengewa kilima juu, kifungwe kwa kamba na majani, na bado litahesabiwa kuwa gunia moja. Mtoza ushuru anaona magunia yamepungua na anadhani mkaa umepungua. Hakuna aliyevunja hesabu. Hesabu ndiyo iliyowafundisha watu namna ya kuipita. Kopo lililobonyezwa kitako na gunia lililoota kichwa ni ndugu wa tumbo moja.

Najua baadhi ya wasomaji wangu ni watumishi wa misitu, na huenda wameanza kunikasirikia. Sisemi doria ziachwe. Bila askari wa misitu, Pugu na Kazimzumbwi, zilizo umbali mfupi tu kutoka jiji lililokuwa na watu milioni 2.5 mwaka 2002 na milioni 5.38 mwaka 2022, zisingebaki hata zile tunazoziona leo. Baadhi ya viumbe vya misitu hii ya pwani havipatikani penginepo duniani, na aliyepoteza kiumbe cha namna hiyo hawezi kukiagiza. Ninachosema ni kwamba doria peke yake ni mkono unaoziba tundu, na anayeziba tundu ana haki ya kujua shinikizo la maji linatoka wapi.

Tena shinikizo hilo hurudi mjini kwa njia nyingine. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, ukateremka kupitia Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, hatua chache kutoka Kariakoo, kisha ukaingia baharini penye Daraja la Salender. Mafuriko yake yana sababu nyingi: ujenzi bondeni, taka, uchimbaji mchanga, ardhi iliyozibwa kwa zege. Kupungua kwa miti huko juu ni mojawapo. Mama anaishi Magomeni. Mvua kubwa zikinyesha na barabara ya Jangwani ikifungwa, hawezi kuvuka kuja kupika, na siku hiyo hana kipato. Mkaa aliounua miaka iliyopita na maji yanayomzuia leo ni sehemu za habari moja, ila zimetenganishwa na miaka mingi kiasi kwamba hakuna anayeziunganisha, wala yeye mwenyewe, wala mimi niliyelipwa kuziunganisha.

Wasomaji watauliza: basi dawa ni nini? Tangu Mei 2024 tuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Nauunga mkono. Kwa mara ya kwanza sera yetu ya misitu imeingia jikoni, mahali ambapo ilipaswa kuwa tangu zamani. Lakini nina hofu moja, nayo nimeipata pale pale Mkunguni.

Chini ya meza ya Mama kuna mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Aliupata katika ugawaji fulani, akapigwa na picha. Mtungi huo sasa umelaziwa ubao na wateja wawili hukalia. Nilimwuliza kwa nini hautumii. Akanijibu kwamba mkaa huununua asubuhi kwa fedha ya jana, na jioni akipata huongeza kopo jingine. Gesi inataka fedha ya wiki nzima kwa siku moja. "Mimi, Mwalimu, sijawahi kuiona wiki nzima ikiwa pamoja," alisema, akacheka. Katika jedwali la mahali fulani Mama amehesabiwa kuwa mtumiaji wa nishati safi. Mitungi iliyogawiwa inaweza kuwa miche iliyopandwa ya kizazi hiki: tunaihesabu siku ya kuitoa, hatuendi kuitazama baada ya mwaka. Kipimo chenye maana ni mtungi uliojazwa tena, mara ya pili, ya tano, ya kumi. Mita za gesi za kulipia kidogo kidogo kwa simu zipo jijini. Zinaligusa tatizo la Mama kuliko zawadi ya mtungi, kwa sababu zinafuata mwendo wa fedha zake.

Na upande wa kijijini nako kuna mahali pa kusukuma. Katika vijiji kadhaa vya Wilaya ya Kilosa ulifanyika mradi ambao haukuanza kwa kumfukuza mchoma mkaa. Kijiji kilitenga sehemu ya msitu wake, kikaigawa katika vipande vya meta 50 kwa 50, na kukubaliana kwamba kipande kilichovunwa kiachwe miaka 24 kichipue kutoka katika visiki vyake. Ushuru uliingia katika mfuko wa kijiji na kujenga madarasa na huduma nyingine. Hapo mrejesho uligeuzwa uelekeo: mkaa ukiuzwa kihalali kijiji kinapata fedha, na kijiji kinachopata fedha kutokana na msitu kina sababu ya kutouruhusu ugeuzwe shamba. Mpango huo una mipaka yake na wakosoaji wake, lakini uliuliza swali sahihi: nani anafaidika mti ukiendelea kusimama?

Narudi kwenye ripoti yangu. Wiki ile ile niliwaandikia waliotupa kazi. Nikaomba tuongeze sura moja: bei na ujazo wa kopo katika masoko makubwa ya jiji, kabla ya mradi na wakati wa mradi, hali ya misitu ya wilaya jirani, na maneno ya wapishi. Nilijibiwa kwa adabu kwamba ripoti imekwisha kupokewa, kwamba walihitaji matokeo ya mradi na si habari za Kariakoo, na kwamba malipo yangu yanashughulikiwa. Malipo yalikuja kwa wakati. Niliyapokea. Sijaitwa tena, na sidhani kwamba nitaitwa.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilifanya kosa la elimu au kosa la tabia. Elimu nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeifundisha asubuhi kabla ya kwenda kutia saini. Nadhani nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya: nilikubali kuulizwa swali dogo kwa sababu jibu lake lilikuwa rahisi na liliwapendeza wote waliokuwa mezani. Mfadhili alitaka namba inayopanda. Shirika lilitaka awamu ya pili ya fedha. Wilaya ilitaka kusifiwa. Mimi nilitaka ada ya watoto. Huo nao ni mfumo, wenye mirejesho yake, na ndani yake Mama hakuwa na kiti.

Kwa hiyo, kwenu watumishi wa umma mnaosoma ripoti za namna ile, naomba kila mara muulize maswali manne kabla ya kupiga muhuri. Je, kilichozuiwa hapa kimehamia wapi? Je, bei imefanya nini, na nani ameilipa? Je, namba hii ingeweza kupanda hata kama hali inazidi kuwa mbaya? Na je, tumengoja muda wa kutosha kwa tokeo kujitokeza, au tumehesabu mche siku ulipotiwa shimoni? Kwenu wanaharakati nasema kwamba picha ya tanuri lililovunjwa ni picha ya mwisho wa habari. Mkaifuate habari hiyo hadi mwanzo wake, hata kama mwanzo huo ni jikoni kwa mama zenu.

Na kwenu wanafunzi wangu: muhula huu kazi ya vitendo haitafanyika maktaba. Mtajigawa katika makundi matano, Kariakoo, Ilala, Buguruni, Tandale na Temeke. Kila mwezi mtakwenda kwa wauza mkaa wale wale, kwa heshima na kwa idhini yao, mkalijaze kopo lao maji na kuyapima. Mtaandika bei, mtaandika ujazo, mtaandika mkaa umetoka wapi. Baada ya miaka mitatu tutakuwa na jedwali ambalo sikuwa nalo.

Kundi la Kariakoo nimeanza nalo mimi, wiki iliyopita. Kitako cha kopo bado kimebonyea. Mama amerudisha maharage, lakini siku ya Ijumaa tu.